Sanda ya Kabati Nambari Kumi na Tatu

Simu ililia Jumanne asubuhi, saa tatu kasorobo, na Mwanasiti hakuipokea. Mikono yake ilikuwa ndani ya unga wa mahamri, lakini sababu haikuwa hiyo. Tangu siku alipopigiwa kutoka Mombasa kuambiwa mamake hayupo, miaka minne nyuma, alikuwa na utaratibu wake. Simu ikija kwa saa isiyo yake, huiacha ilie mpaka ikome. Kisha huosha mikono, huketi, husoma Bismillahi, ndipo hupiga yeye mwenyewe. Mumewe Aidarus alikuwa akimcheka kwa hilo. "Wewe wataka mauti yakungoje utawadhe," humwambia.

Simu ikalia tena, na tena. Mara ya tatu alichungulia kioo, akaona jina la Wanjala.

Wanjala alikuwa mtunza nyasi katika uwanja wa besiboli wa Champlin, Minnesota, huko Marekani, kule alikofanya kazi Aidarus. Alikuwa Mbukusu wa Webuye, mtu wa maneno mengi ana kwa ana, lakini hakuwa mtu wa kupiga simu. Mwanasiti akaketi juu ya kiti cha jikoni na unga wake mikononi. Siku hiyo hakunawa.

"Shemeji," Wanjala alisema.

"Sema, shemeji."

"Uko na nani hapo nyumbani?"

"Niko na unga. Sema."

"Mzee ameanguka. Hapa kwa chumba cha kufulia. Watu wa ambulensi wamekuja, wamefanya vile wangeweza." Akavuta pumzi. "Shemeji, hakuamka."

Mwanasiti alisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akaisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu salamu. Machozi yalikuja baadaye. Kilichomfikia kwanza ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na umbo la kitambaa cheupe. Maana sanda ya Aidarus ilikuwa huko huko uwanjani. Yeye Mwanasiti ndiye aliyeitoa nyumbani mwake, na sasa mauti yalikuwa yamekwenda ilikokuwa sanda.

Aidarus alizaliwa Kibokoni, Mombasa, akalelewa katika duka la dobi la amu yake. Akiwa na miaka kumi na miwili aliweza kupiga pasi kanzu ya arusi bila kuacha mkunjo. Alipokuja Minnesota alifua mashuka ya hoteli moja ya Saint Louis Park kwa miaka sita, mpaka alipokutana na Wanjala kwenye foleni ya kubadilisha leseni za gari, na Wanjala akamwambia kuna timu inatafuta mtu wa kufua jezi. Aidarus hakujua besiboli ni kitu gani. Alijua madoa ya nyasi, madoa ya udongo mwekundu na madoa ya damu, na alijua kila moja hutolewa na nini. Hilo lilitosha.

Timu iliitwa Korongo. Ilikuwa timu ya kiangazi tu, ya vijana wa vyuo, na watu walikuja kutazama kwa sababu jioni zilikuwa nzuri na mto uko karibu. Kisha, mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, mwenye timu aliwakusanya wafanyakazi wote na kuwaambia kuwa Korongo imetia sahihi na timu kubwa ya kusini, na kwamba kuanzia msimu huo itakuwa tawi lake la chini kabisa, kwa miaka miwili, na Mungu akipenda zaidi.

Aidarus alirudi nyumbani kwao, katika mji mdogo wa Crystal, akamweleza mkewe. "Ni kama chuo cha Kurani cha mtaani kinapochukuliwa na msikiti mkubwa. Msikiti waleta walimu na wanafunzi, wao ndio wawalipao. Sisi twatoa jamvi na maji."

"Na mwanafunzi akifuzu?"

"Huchukuliwa akapelekwa juu. Asipofuzu huambiwa ende kwao."

Mashine mpya mbili za kufulia zililetwa. Jezi mpya nyeupe zililetwa, kila moja ina beji ya timu kubwa begani. Likaja pia kopo la tope. Mwanasiti hakuamini mpaka alipoliona kwa macho yake. Mipira mipya huteleza mno mkononi mwa mrushaji, kwa hiyo kabla ya kila mechi ilibidi mtu akae na kuipaka tope laini, mpira mmoja mmoja, mpaka ung'aavu utoke. Kazi hiyo alipewa Aidarus. "Nimevuka bahari mbili," alikuwa akisema, "kuja kupaka mipira tope kisha kuwafulia watu waliochafuliwa na tope."

Wachezaji walitoka Dominikani na Venezuela na Teksasi, wengi wao wa miaka kumi na tisa, ishirini. Kilichomshangaza Aidarus ni hofu yao. Waliogopa kukanyaga mstari wa chokaa. Waliogopa kufuliwa soksi zao wakiwa wanashinda. Zaidi ya yote waliogopa mlango wa ofisi ya kocha, maana aliyeitwa humo asubuhi, adhuhuri kabati lake lilikuwa tupu. Aidarus alifua nguo za aliyefukuzwa kwa mara ya mwisho, akazikunja vizuri kuliko za wengine wote, akamkabidhi mkononi. "Simu ya ofisi ikilia, chumba kizima chanyamaza," alimwambia Mwanasiti. "Nawatazama nakukumbuka wewe."

Katika msimu huo wa kwanza, jina la Aidarus lilitoka katika msafara wa Hija. Mwenye timu alimpa ruhusa ya wiki tatu, na Wanjala akajitolea kushika mashine. Siku ya pili tu Wanjala aliingiza kofia nyekundu pamoja na jezi nyeupe, na Korongo wakacheza mechi nne wakiwa rangi ya waridi. Aidarus alizipata habari hizo akiwa Madina.

"Wanjala, nimekuachia vitu viwili tu," alimpigia simu. "Cheupe na kisicho cheupe."

"Mzee, wewe omba huko uliko. Hii timu inashinda tangu tuwe waridi. Vijana wamekataa nizitoe rangi."

Alirudi mwezi wa Julai, amenyoa kichwa, amekonda, uso wake umetulia. Usiku wa kwanza alifungua sanduku, akatoa tende, tasbihi, madumu ya Zamzam, halafu mfuko wa kijani uliofungwa uzi. Chumba kikajaa harufu ya karafuu maiti. Mwanasiti aliijua harufu hiyo kabla hajaambiwa kitu, akasimama.

"Ni nini hicho?"

"Sanda. Nimeiosha kwa Zamzam, nikaianika Makka."

Kwa wazee wa pwani si jambo la ajabu. Mtu hurudi Hija na sanda yake, huiweka chini ya sanduku, na maisha huendelea. Lakini Mwanasiti alikuwa na lake. Alipokuwa msichana, mjomba wake alinunua sanda siku ya Alhamisi, akawaonyesha wote sebuleni kwa kujivunia ubora wa kitambaa, na Jumatatu akavishwa. Harufu ile ilikaa katika mapazia ya nyumba mwezi mzima. Tangu hapo hakuweza kupita karibu na duka la ubani bila kushika pua.

"Hailali humu, Aidarus."

"Mwanasiti, ni kitambaa."

"Sitaki. Ama itoke yenyewe ama nitoke mimi."

Hakubishana naye. Asubuhi aliuchukua mfuko pamoja na chakula chake cha mchana, akaenda nao kazini. Aliporudi alisema, "Nimeiweka mahali hapaguswi na mtu." Mwanasiti hakuuliza ni wapi. Hakutaka kujua. Alichofanya ni kumwahidi, kwa sababu alimwomba, kwamba siku ikifika atakafiniwa na hiyo wala si nyingine. Naye aliliandika katika wasia wake, mstari wa pili, chini ya shahada.

Miezi kumi na mitatu ikapita. Agosti ya msimu wa pili ikaja barua. Timu kubwa ilikuwa imepata uwanja mpya karibu na kwao, nayo haikutaka tena kuwarusha vijana kwa ndege mpaka Champlin. Mkataba hautaongezwa. Kila kitu chenye beji, pamoja na vyote ilivyovinunua yenyewe, kifungwe katika makasha, lori litakuja kuvichukua Jumatano ya wiki ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya Aidarus. Wanjala alimkuta ameegemea mashine ya kukaushia, jezi magotini, mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ungali kidoleni.

Jumanne hiyo yote Mwanasiti aliogopa vitu kwa zamu. Kwanza aliogopa ofisi ya wilaya, maana mtu akifa ghafla kazini huchukuliwa kuchunguzwa, na mtu wa ofisi hiyo alimwambia kwa upole kwamba bado hawajaamua kama watahitaji kumpasua. Kumpasua. Alimwita Ustadhi Hussni, ambaye huosha maiti wa jamaa zao, na ustadhi akashinda kwenye simu mpaka daktari wa moyo wa Aidarus akakubali kutia sahihi. Magharibi ikaja habari kwamba hatakatwa, atatolewa asubuhi, na atazikwa Jumatano baada ya sala ya adhuhuri.

Hofu hiyo ilipoondoka, ile ya kwanza ikakaa pake.

"Sanda ziko hapa msikitini, dada," Ustadhi Hussni alimwambia. "Nyeupe, safi. Usijisumbue."

"Nilimwahidi."

"Basi itafutwe kabla ya adhuhuri."

"Naweza kutoka? Niko edani, na mjane hatoki."

"Haja ni haja. Nenda, usipitie kwingine."

Sumayya, binti yao, anayesoma uuguzi, hukielewa Kiswahili chote na hukijibu kwa Kiingereza. Asubuhi hiyo alikijibu kwa Kiswahili. "Mama, nita-drive mimi. Wewe kaa nyuma." Mwanasiti akakaa nyuma, amejifunika buibui mpaka kwenye nyusi, na njia nzima mpaka Champlin hakutazama nje. Alikuwa anahesabu saa. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Wanjala, aliyepigiwa simu alfajiri, aliwangoja langoni, kofia mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Alikwambia aliweka wapi?" aliuliza.

"Mahali hapaguswi na mtu. Ndivyo alivyosema."

Wanjala hakufikiri kwa muda mrefu. "Kumi na tatu," alisema. "Hawa vijana hawakubali hiyo nambari. Tangu wafike hakuna hata mmoja amefungua hilo kabati. Mmoja alinipea kuku nimhamishe kutoka kumi na mbili, ati iko karibu sana."

Aliwaongoza ndani. Chumba cha wachezaji kilikuwa kitupu, makabati yote wazi, sakafu imefagiwa. Kumi na tatu nalo lilikuwa wazi. Ndani palikuwa na msumari mmoja na vumbi.

"Jana walimaliza kupakia," Wanjala alisema polepole. "Mimi nilikuwa na Mzee kwa ambulensi. Walituma watu wawili kutoka kusini. Hawajui ya kumi na tatu, wao ni watu wa makasha tu."

"Makasha yako wapi?" Sumayya aliuliza.

Nje, injini ya lori ilikuwa inanguruma.

Wanjala alitoka mbio zisizolingana na umri wake. Mwanasiti na binti yake walipofika nje walimkuta juu ya trekta yake ya kukatia nyasi, ameileta mpaka katikati ya lango na kuizima. Dereva wa lori, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliteremsha kioo na kumuuliza kuna nini. Wanjala akamwambia trekta imekufa. Dereva akatazama trekta, akamtazama Wanjala, akawatazama wanawake wawili waliovaa nyeusi. Akazima injini. Alishuka akafungua mlango wa nyuma bila kuuliza neno.

"Shemeji, umesema uongo," Mwanasiti alinong'ona.

"Mimi na Mungu tutaongea Jumapili. Pandeni."

Makasha yalikuwa sitini na kitu, yote ya karatasi ngumu, yote yamezibwa kwa utepe uleule, na juu yake wale wapakiaji walikuwa wameandika majina matatu tu: jezi, vifaa, vitambaa. Ya vitambaa yalikuwa kumi na tisa. Sumayya alianza kurarua la kwanza. Taulo. La pili, taulo. Dereva alitazama saa yake, kisha akautia mkono mfukoni.

"Acha," Mwanasiti alisema.

Alikuwa amesimama katikati ya lori, na pua yake ilikuwa imeanza kukunjamana chini ya buibui kabla akili haijaelewa. Harufu ile ilikuwa hafifu sana, chini ya ile ya sabuni na ya ngozi za glavu. Mwili wake wote ulitaka kurudi nyuma. Ndivyo ulivyofanya tangu usichana wake, kila ilipopita harufu hiyo: hurudi nyuma, hushika pua, hubadilisha njia. Safari hii ilimbidi aifuate.

Alipiga magoti. Aliinamisha uso juu ya kasha moja, akavuta pumzi. Hakuna. La pili, hakuna. Aliondoa mtandio puani kabisa. Kwa kila kasha aliomba vitu viwili visivyoweza kwenda pamoja, kwamba iwemo na kwamba isiwemo. Kwenye la saba harufu ilimpiga usoni kama mlango uliofunguliwa, na ghafla alikuwa sebuleni kwa mjomba wake, ana miaka kumi na mitatu, watu wanalia chumba cha pili. Hakusogea.

"Hili," alisema.

Sumayya alirarua utepe. Chini ya taulo kulikuwa na mfuko wa kijani, uzi wake haujafunguliwa. Mwanasiti akaufungua mwenyewe, ili asibebe mfuko mtupu. Ndani mlikuwa na vifurushi viwili, wala si kimoja. Kila kimoja kilibanwa kwa pini kubwa ya dobi, ya aina aliyotumia Aidarus kutenganisha nguo za wachezaji, na kwenye kila pini kulikuwa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wake. Kimoja kiliandikwa Aidarus. Cha pili, kilicho kinene zaidi, kwa kuwa mwanamke hukafiniwa kwa vitambaa vitano, kiliandikwa Mwanasiti.

Sumayya alisoma, akaweka mkono mdomoni. "Mama, kiache hicho. Please. Kiache hapa."

Mwanasiti alikaa juu ya sakafu ya lori mpaka dereva akaanza kukohoa. Alikuwa anaogopa kama hajawahi kuogopa. Aidarus alijua hofu yake kuliko mtu yeyote, akamnunulia hata hivyo, akamfulia kwa Zamzam kwa mikono yake, akamwanikia, kisha akanyamaza miezi kumi na minne asimtie hofu. Akavitia vifurushi vyote viwili mfukoni, akafunga uzi.

"Twende," alisema. "Saa tano hiyo."

Wanjala aliwasha trekta. Iliwaka mara ya kwanza.

Msikitini, Ustadhi Hussni aliwapokea mlangoni pa chumba cha kuoshea, mikono ya shati imekunjwa. Mwanasiti alimpa kifurushi cha mumewe. Kisha hakuondoka.

"Ustadhi, nina swali, na nataka jibu la kweli. Mimi ndiye niliyeitoa sanda yake nyumbani. Nilisema hailali kwangu. Akaipeleka kule, na mauti yakamkuta kule kule, hatua kumi nayo. Je, si mimi?"

Ustadhi aliutazama mfuko ambao bado ulikuwa mkononi mwake. "Hiyo nyingine ya nani?"

"Yangu. Sikujua."

"Ilikaa wapi?"

"Kabati moja na yake."

"Muda gani?"

"Miezi kumi na minne. Zote pamoja."

"Sanda mbili, kabati moja, miezi kumi na minne," ustadhi alisema. "Mbona amekwenda mmoja?"

Mwanasiti aliutazama mfuko mkononi mwake.

"Ajali ya mtu, siku yake ya kufa, iko kwa Mola wake, dada. Haifuati kitambaa. Kaa hapo, tutakuita umtazame."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na Sumayya, akasikia maji yakimwagwa upande wa pili wa ukuta, yakikoma, yakimwagwa tena. Hofu haikumtoka. Ila sasa aliweza kukaa nayo.

Saa sita na robo waliitwa. Aidarus alikuwa amelazwa juu ya jeneza, amevishwa kitambaa chake, kimebaki kufungwa upande wa kichwa tu. Karafuu maiti ilikuwa kwenye paji la uso na viganjani. Kitambaa kilikuwa na mikunjo iliyonyooka, maana alikikunja mwenyewe, kwa namna aliyofundishwa na amu yake. Sumayya alimbusu babake kwenye paji la uso na kutoka nje. Mwanasiti alisogea mpaka karibu, akavuta pumzi, harufu ikaingia.

"Nimekuwia radhi kwa yote," alimwambia. "Na wewe uniwie radhi kwa hili."

Ustadhi akafunika uso, akafunga kifundo cha juu. Baada ya adhuhuri watu waliswali safu tatu. Wanjala alisimama nyuma, karibu na viatu, kofia kifuani. Wanaume sita walibeba jeneza mpaka kwenye gari, na Wanjala alishika mlango. Kwa desturi ya kwao, wanawake hawakwenda makaburini. Mwanasiti alisimama kwenye ngazi za msikiti na binti yake, mfuko wa kijani chini ya buibui, mpaka gari likapinda kuingia barabara kuu. Kisha akarudi nyumbani Crystal kukaa eda, akauweka mfuko chini ya sanduku la nguo zake, upande wa kitanda anaolala.